Gari la umeme na siku ya kuhama ghafla: mambo ya kuzingatia kabla mvua za Mbeya hazijakolea

Aprili 2024, Mlima Kawetere ulipoporomokea Itezi jijini Mbeya, tope lilifukia nyumba na kufika mpaka shuleni. Miezi michache kabla ya hapo, Desemba 2023, Katesh, mkoani Manyara, ilikuwa imepata maporomoko makubwa zaidi chini ya Mlima Hanang. Tangu hapo, mtu anayeishi ubavuni mwa mlima huku Nyanda za Juu Kusini akisikia mvua imenyesha siku tatu mfululizo halali usingizi wa kueleweka. Kama ana gari la umeme, ana swali la nyongeza: je, siku ikifika, hili litanitoa?

Litakutoa. Anayekimbia mlima ulioanza kupasuka hana safari ya Dar es Salaam. Anatoka Itezi kwenda kwa shemeji yake Iyunga, au anatoka bondeni Kyela kutafuta ardhi ya juu. Ni kilomita kumi, ishirini, mara chache hamsini. Hata Nissan Leaf ya 2012 iliyochoka inazimudu nyingi kati ya safari hizo. Kinachokwamisha ni vitu viwili: mlima, ambao makadirio ya kilomita kwenye dashibodi hayaujui, na umeme, ambao huwa umeshakatika wewe hujamaliza hata kufunga mizigo. Maandalizi karibu yote yanazunguka hapo.

Piga hesabu ya mwinuko, si ya kilomita peke yake

Namba ya kilomita inayoonekana kwenye dashibodi imekadiriwa kutokana na ulivyoendesha siku za karibuni. Kama wiki nzima umezunguka Mwanjelwa, Kabwe na Soweto, gari linadhani maisha yote ni tambarare. Ukiligeuzia mlima, namba inaporomoka mbele ya macho yako, na abiria wakiiona wanaanza kupiga kelele.

Hesabu yenyewe si ngumu. Gari dogo la umeme likiwa na watu watano na mabegi linafika kilo 1,900 hivi. Kulipandisha mita 1,000 kwenda juu kunakula kama kilowati-saa 5 (yaani uniti 5 za umeme wa nyumbani), na hapo hujaweka bado kile linachokula kwa kutembea tu. Sasa chukua Kyela, iliyo kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu, iliyo kama mita 1,500. Ni kilomita 50 na ushee. Kutembea kutakula kilowati-saa saba au nane, mlima utakula tano, jumla kumi na tatu hivi kama hakuna hitilafu yoyote. Leaf ya zamani ilitoka kiwandani na betri ya kilowati-saa 24, lakini iliyotumika miaka kumi Japani kabla ya kushushwa bandarini inaweza kuwa imebakiwa na kumi na tano au kumi na sita. Utafika Tukuyu, ila usiahidi watu Mbeya mjini, kwa sababu barabara inaendelea kupanda kabla haijaanza kushukia Uyole.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya, leo, jua likiwa linawaka, ni kuijua afya ya betri yako. Kwenye Leaf za zamani angalia vile visanduku vidogo pembeni kulia mwa mita ya chaji. Gari jipya lina 12, na cha kwanza kinapotea betri ikishapungukiwa na asilimia kama 15. Kisha endesha mara moja ile njia unayotarajia kukimbilia, ukiwa na mzigo wa kweli, na uandike asilimia ulizoondoka nazo na ulizofika nazo. Karatasi hiyo ibandike ndani ya kabati la dashibodi. Siku ya siku, mdogo wako anaweza kuwa ndiye anayeendesha.

Wakati wa kurudi utaona asilimia kadhaa zinarudi kwenye mteremko, maana mota inageuka jenereta. Ila kuna mtego. Betri ikiwa imejaa kabisa haina pa kuuweka umeme huo, na gari linaacha kujizuia lenyewe. Kazi yote inahamia kwenye breki za kawaida. Anayeishi Matamba, ambaye akitoka tu nyumbani anaanza kushuka Hamsini na Saba kuelekea Chimala, asichaji mpaka 100. Asilimia 85 inamtosha, na kona zile 57 zitamwongezea nyingine bila kuunguza pedi za breki. Anayeanza safari kwa kupanda, yeye ajaze.

Chaji wakati umeme bado upo

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa taarifa zake kwa ngazi: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Wengi tunaamka kwenye ile ya tatu. Mwenye gari la umeme aamke kwenye ya kwanza. Ukisikia angalizo la mvua kubwa limetaja Mbeya, Songwe, Njombe au Iringa, chomeka gari usiku huohuo, hata kama lina nusu. Soketi ya kawaida ya nyumbani, kwa chaja ya ampea 10, inatoa kama kilowati 2.3. Kujaza betri ya 24 kutoka chini kabisa ni zaidi ya saa kumi. Tahadhari kubwa ikitoka saa mbili usiku na nguzo ya mtaa ikaanguka saa tano, umeambulia robo tu.

Kisha kuna LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Uniti moja ni kilowati-saa moja, na sehemu ya umeme hupotea kama joto njiani, kwa hiyo kujaza betri ya 24 kunaweza kula uniti 27 au zaidi. Nyumba inayonunua umeme wa elfu mbili elfu mbili itakatikiwa katikati ya usiku gari likiwa kwenye asilimia 40, na mtandao wa simu ukiwa chini hutanunua tokeni. Kuanzia Novemba mpaka Mei, weka akiba ya uniti 40 kwenye mita ambayo haiguswi. Ni pesa iliyolala, najua, lakini mwenye gari la petroli naye halali na tenki tupu msimu wa mvua.

Soketi yenyewe ishike kwa mkono. Baada ya nusu saa ya kuchaji, gusa plagi na ukuta unaoizunguka. Uvuguvugu si tatizo. Ikiwa huwezi kuacha kiganja hapo, au plastiki imeanza kugeuka rangi ya chai pembeni mwa matundu, zima na uite fundi abadilishe soketi na waya, kwa sababu nyaya za nyumba nyingi hazikufungwa kwa kazi ya kubeba ampea 10 usiku kucha. Eksitensheni ya dukani ya kuchomekea redio na simu isitumike kabisa. Kama ni lazima kuwe na waya mrefu, uwe mnene na uukunjue wote. Ulioviringwa hupata moto.

Mwambie fundi huyohuyo akague ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini. Chaja nyingi zinakataa kufanya kazi zisipoiona, zinawasha taa nyekundu na kunyamaza, nawe unadhani gari limeharibika. Tatizo hilohilo huwapata wanaotegemea jenereta. Jenereta dogo lisilo na ethi, gari litalikataa. Lililofungwa vizuri la kVA 3 linaweza kuchaji ikiwa chaja yako inakubali kushushwa mpaka ampea 6 au 8. Jaribu kabla. Usilijaribishe mara ya kwanza watoto wakiwa wameshakaa ndani ya gari na maji yako kwenye kizingiti.

Njia, foleni na tope

Kwenye foleni gari la umeme linalishinda la petroli waziwazi. Lori likilala Mlima Nyoka au Iwambi, barabara kuu ya TANZAM yote inasimama, na wenye injini wanaunguza mafuta bila kusogea. Gari lako likisimama halili karibu chochote, isipokuwa ukiwasha hita. Usiku wa baridi, hita inakula kilowati-saa moja hadi mbili kila saa, na vioo vikishika ukungu utalazimika kuiwasha. Weka blanketi mbili ndani na kitambaa cha kufutia kioo.

Zungumza na mwenyekiti wa mtaa ujue kamati ya maafa imepanga watu wakusanyikie wapi, halafu chagua njia mbili za kufika. Moja isipite darajani. Kama eneo la kukusanyikia liko chini ya mlima uleule, sema mapema kwenye kikao. Uwanja wa mpira ulio mdomoni mwa korongo si kimbilio, hata uwe na nafasi kiasi gani.

Kuhusu maji, kuna imani mbili na zote zina kasoro. Ya kwanza ni kwamba gari la umeme likiingia majini linapiga watu shoti. Betri kubwa imefungwa kwenye kasha lisilopitisha maji kirahisi, na mfumo hujikata ukihisi umeme unavuja. Ya pili ni kinyume chake: kwamba kwa kuwa halina injini ya kunywa maji, basi linaweza kuvuka popote. Hii ndiyo itakayoua mtu. Chini ya gari la umeme ni tambarare kama sinia, na maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kuliinua gari dogo. Mto Kiwira au Mbaka ukishafunika barabara, geuza.

Likinasa kwenye tope, usikubali vijana walifunge kamba na kuliburuta mwendo mrefu. Magari mengi madogo ya umeme huendeshwa na magurudumu ya mbele, na yakizungushwa kwa nguvu mota inazalisha umeme usiotakiwa. Kulisogeza kutoka kwenye dimbwi ni sawa. Kulivuta mpaka mjini kunahitaji bredauni ya kubeba gari zima, au angalau inayonyanyua mbele. Na kabla ya kudhani betri kubwa imekufa, kumbuka kuna ile ndogo ya volti 12 kama ya gari lolote. Ikifa, milango haifunguki kwa rimoti na gari haliwaki hata kama lina chaji ya asilimia 90. Kagua terminali zake msimu wa mvua unapoanza.

Jambo jingine, dogo lakini la kwetu kabisa: magari mengi haya yametoka Japani na yanaongea Kijapani. Ujumbe wa hatari utakuja kwa maandishi usiyoyasoma. Jifunze walau alama ya kobe, inayomaanisha nguvu imepunguzwa na una muda mfupi wa kuegesha pembeni.

Bajaji na pikipiki za umeme zina kazi yake: kupeleka mzee mmoja, mama na mtoto, au dawa. Kupanda na abiria watatu na godoro kunazimaliza upesi. Zipangieni safari fupi za kushuka au za tambarare, na kama betri inatoka, ya akiba ilale ndani ikiwa imejaa.

Vya kubeba, na vya kufanya ukishafika

Mfuko wa nyaraka, dawa, tochi na maji unajulikana, siurudii. Ongeza waya wa kuchajia na adapta yake, na uviweke juu ya mizigo, visizikwe chini ya magunia. Kule ulikokimbilia kuwe na soketi uliyokwisha kuijaribu. Ndugu wengi wana moyo mkubwa kuliko uwezo wa nyaya za nyumba zao.

Baadhi ya magari yana soketi ya kutoa umeme. Huko Japani, kimbunga kilipokata umeme mkoani Chiba mwaka 2019, magari ya umeme yalipelekwa kuwasha taa na feni kwenye makazi ya muda. Lakini soketi za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani, kama ile ya Mitsubishi Outlander ya kuchaji, hutoa volti 100, wakati vyombo vyetu ni vya 230. Chaja za simu nyingi zinakubali zote mbili, soma maandishi madogo mgongoni mwake. Birika na pasi, achana nazo.

Kama gari lilizama, au maji yalifika sakafuni na kukaa, usilichomeke kwenye chaji hata kama linawaka vizuri. Baada ya kimbunga Ian huko Florida mwaka 2022, baadhi ya magari yaliyozamishwa na maji ya bahari yalishika moto siku kadhaa baadaye. Maji yetu hayana chumvi hiyo, na hatari ni ndogo zaidi, ila utaratibu ni uleule: liegeshe nje, kama mita 15 kutoka kwenye nyumba na magari mengine, mpaka fundi anayejua betri za aina hiyo alikague. Ukisikia mlio wa kuchemka au kupasuka chini ya sakafu, au ukaona moshi mweupe, toeni watu na msogee mbali. Mtungi mdogo wa unga hauzimi betri. Piga 114 na uwaambie Zimamoto kabla hawajatoka kituoni kwamba ni gari la umeme, kwa sababu watahitaji maji mengi kuliko ya gari la kawaida.