Jaji na hakimu kuelekea kustaafu: panga jalada kabla ya sherehe

Kwenye vibaraza vya mahakama hapa Dodoma utasikia kustaafu kukizungumzwa kana kwamba ni kitu kimoja kwa wote, kuanzia hakimu wa mahakama ya mwanzo kule Bahi hadi Jaji wa Rufani. Umri haulingani, na fedha hazitoki mfuko mmoja. Jua kwanza uko upande gani ndipo uanze kukusanya karatasi.

Kwa majaji, umri umeandikwa ndani ya Katiba yenyewe. Ibara ya 110 inamtaka Jaji wa Mahakama Kuu aache kazi akitimiza miaka 60, ingawa akishafika 55 anaweza kustaafu kwa hiari, isipokuwa Rais akiagiza vinginevyo. Jaji wa Rufani, kwa ibara ya 120, huenda hadi 65. Rais anaweza kuongeza muda kwa manufaa ya umma: Jaji Mkuu Profesa Ibrahim Juma alitimiza 65 mwaka 2023, akaongezewa, akastaafu 2025. Nyongeza hiyo haiombwi kama likizo, kwa hiyo asiye na barua mkononi asiipangie mkopo wala ada ya mtoto. Ahesabu siku yake ya kuzaliwa, basi.

Kuna viporo pia. Katiba inamruhusu jaji aliyetimiza umri kumalizia hukumu na shughuli za mashauri ambayo yalikwisha kuanza kusikilizwa mbele yake. Ruhusa inaishia hapo. Shauri jipya halimo. Miezi sita kabla, aketi na msaidizi wake waorodheshe kila shauri ambalo shahidi amekwisha kusikilizwa, waandike limefikia wapi, kisha jaji aache kufungua ushahidi wa mashauri marefu. Shauri likihamishiwa kwa mwingine katikati, anayeumia ni mdaawa, yaani mwenye kesi, maana anayelipokea hakumwona shahidi akijibu maswali.

Kuhusu fedha, mshahara na malipo ya uzeeni ya jaji hutoka Mfuko Mkuu wa Hazina, na maslahi yake yana sheria yake ya mwaka 2007. Hakimu ni mtumishi wa umma kama mwalimu: anachangia PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, asilimia 5 ya mshahara, mwajiri anaweka 15. Aliyepanda kutoka uhakimu hadi ujaji ana vipindi viwili vya utumishi, na hapo ndipo majalada hupotezana. Achukue taarifa ya michango yake hadi tarehe ya uteuzi, aulize kwa maandishi kipindi cha uhakimu kitashughulikiwaje, na ajibiwe kwa maandishi. Jibu la mdomo la ofisa ambaye kesho atahamishiwa Singida halimsaidii.

Hakimu naye ajifunze kikokotoo, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kwa tarakimu zake mwenyewe, sio za jirani. Chukua idadi ya miezi uliyotumikia, gawa kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka katika ile miaka mitatu bora. Tuseme umetumikia miezi 360 na wastani ni shilingi 2,000,000 kwa mwezi, yaani 24,000,000 kwa mwaka. Pensheni kamili ya mwaka inakuwa kama 14,896,552. Asilimia 40 yake, ikizidishwa mara 12.5, ndiyo mkupuo, yaani fedha inayolipwa mara moja unapostaafu: karibu 74,483,000. Asilimia 60 inayobaki, ikigawanywa kwa 12, ndiyo pensheni ya kila mwezi: karibu 744,800. Hiyo 40 ilianza 2024, baada ya 33 ya mwaka 2022, na inawahusu wale ambao mkupuo wao zamani ulikuwa asilimia 50. Posho hazimo kwenye hesabu. Na anayepandishwa daraja mwaka mmoja kabla ya kustaafu asitarajie makubwa: mshahara mpya unaingia kwenye mwaka mmoja tu kati ya ile mitatu.

Sasa tazama miezi sita ikikosekana. Mkupuo unapungua kwa zaidi ya 1,240,000, na pensheni kwa zaidi ya 12,400 kila mwezi, maisha yote. Miezi hupoteaje? Mara nyingi ni mwanzo wa ajira, jina lilipochelewa kuingia kwenye malipo, au wakati wa uhamisho. Wakongwe wana la ziada: watumishi wa serikali kuu walianza kuchangia Julai 1999. Aliyeajiriwa 1993 akifungua taarifa ya michango hataiona ile miaka ya mwanzo, na ushahidi wake ni barua ya ajira ya kwanza na ya kuthibitishwa kazini. Zitafute mwaka mzima kabla, ukianzia kituo ulichoripoti kwanza, kwa sababu masijala za zamani zimehama majengo.

Majina nayo hutesa. Cheti kinasema Mathayo, kitambulisho cha NIDA kinasema Matayo, barua ya ajira ina herufi moja tu ya jina la kati. Tofauti ndogo humalizwa kwa kiapo. Jina likiwa limebadilika kabisa, tafuta hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Hakimu aliyeapisha mamia ya watu hajiapishi mwenyewe, aende kwa mwenzake. Tarehe ya kuzaliwa usiiguse: uliyoiandika ulipoajiriwa ndiyo inayotumika.

Angalia pia jalada linasema nyumbani kwako ni wapi, maana nauli na gharama za mizigo hufuata hapo. Wengi waliohamia Dodoma wana nyumba Iyumbu au Nzuguni, lakini karatasi bado zinasema Bukoba.

Mwisho, akaunti ya benki iwe hai na kwa jina lilelile la NIDA. Ukishaanza kulipwa kuna uhakiki wa wastaafu, na asiyehakikiwa husimamishiwa malipo hata kama anaonekana kila Jumapili kanisani. Kama alama za vidole za kuhakikiwa zimefifia kwa jembe la shamba la zabibu, lisemee mapema, siyo siku malipo yameshakatika.