Kuziba Mashimo ya Lipu Kwenye Kuta za Nyumba

Kiraka cha lipu kinachobanduka baada ya miezi michache kwa kawaida hakikuharibiwa na saruji mbaya, bali kilipigwa juu ya vumbi, juu ya tofali kavu au juu ya lipu ya zamani iliyokwisha kuachia. Kwa hiyo anayetaka kufanya kazi hii mwenyewe ajiandae kutumia muda mrefu zaidi katika kubomoa na kusafisha kuliko katika kupiga lipu yenyewe.

Kwanza tafuta chanzo cha shimo. Rangi iliyovimba, au unga mweupe wa chumvi unaojitokeza ukutani, ni dalili ya unyevu unaopanda kutoka chini au bomba linalovuja, na hapo kuziba kabla ya kukomesha maji ni kupoteza saruji.

Gonga ukuta kuzunguka shimo kwa mpini wa nyundo. Penye lipu iliyoshika hutoka sauti fupi na nzito, na palipoachia huita kama mtungi mtupu. Sehemu yote inayoita iondolewe kwa tindo na nyundo ndogo, hata kama shimo la ukubwa wa kiganja litafikia ukubwa wa sinia. Kingo zikatwe wima, kwa kuwa kingo zilizolala huifanya lipu mpya iishie kwa wembamba ambao hukauka upesi na kumeguka. Shimo likiwa karibu na soketi, zima umeme kwenye swichi kuu kabla ya kugusa tindo.

Sugua tofali kwa brashi ya waya, ondoa vumbi lote, kisha umwagie maji jioni ya kuamkia kazi na tena muda mfupi kabla ya kuanza, kwa sababu tofali kavu hunyonya maji ya mchanganyiko kabla saruji haijashika. Ukuta uwe na unyevu bila maji kung'aa juu yake. Paka uji mzito wa saruji kwa brashi, na upige lipu kabla uji huo haujakauka.

Mchanganyiko unaofaa ni kipimo 1 cha saruji kwa vipimo 4 au 5 vya mchanga laini uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni usitumike, maana chumvi yake itatoka ukutani. Wengi huongeza saruji wakidhani kiraka kitakuwa imara zaidi, ilhali saruji ikizidi, lipu husinyaa na kupasuka. Changanya kiasi utakachomaliza ndani ya saa 1, na mchanganyiko ulioanza kukaza usiufufue kwa maji.

Rusha lipu kwa mwiko kwa nguvu ili ishike, kwa unene usiozidi milimita 15. Shimo likiwa na kina zaidi, piga tabaka mbili, ukichora ya kwanza mistari kwa msumari na kuiacha hadi kesho yake. Kusawazisha kunahitaji ubao ulionyooka unaoegemea lipu ya zamani pande zote mbili, ukivutwa kutoka chini kwenda juu huku ukichezeshwa kushoto na kulia. Kisha subiri, na hapa ndipo wenye pupa huharibu: bonyeza kwa kidole, na kidole kikiacha alama hafifu bila kutoka na tope, ndipo usugue kwa ubao wa kulainishia kwa mizunguko, ukinyunyiza maji kidogo kidogo.

Nyunyizia kiraka maji asubuhi na jioni kwa takriban siku 7. Rangi ingoje karibu wiki 4, hasa rangi ya mafuta, ambayo huharibiwa na ukali wa saruji mbichi. Vitundu vya misumari havihitaji haya yote. Jasi na msasa vinatosha.

Nyumba za kale za mawe ya matumbawe, kama zile za Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, zina masharti yake. Kuta hizo zilijengwa kwa chokaa na hupumua, na kiraka cha saruji hufungia unyevu ndani hadi chumvi imegue mawe yaliyo pembeni. Huko tumia chokaa na mchanga, kwa tabaka nyembamba, na ukifunike kiraka kwa gunia bichi kwa siku kadhaa kisikaushwe na jua.