Kabla ulipe elfu 28 kwa mzinga mmoja wa bourbon: vile mimi huamua

Kila mwezi lazima mtu anitumie picha kwa WhatsApp, chupa ya Blanton's ama Weller, hizo ni bourbon, yaani wiski ya Marekani, imewekwa juu ya kiti cha gari, na swali ni lile lile, "bosi hii wanataka 28, nichukue?" 28 hapo ni elfu 28. Nimeuza pombe miaka 11, kwanza nikiwa nyuma ya kaunta ya baa huko Kisumu, saa hii nikona duka langu la wainzi hapa Nakuru, na hilo swali silichukulii juu juu, manake hiyo ni pesa mtu ametokea jasho. Na tena bourbon mimi naipenda sana, inaniuma kuona mtu ameichukia juu siku ya kwanza aliuziwa kwa bei ya kukamuliwa. Kwa hivyo nimeamua kuandika vile mimi hufanya, hatua moja moja, ndio ukitumiwa hiyo picha saa tano usiku usitume M-Pesa kwanza halafu uulize baadaye. Ni ya wenye wamefika miaka 18, hiyo mnajua.

Hatua ya 1: uliza imeadimika kwa nini

Kuadimika kuna aina mbili na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni ya huko kwao. Bourbon lazima itengenezwe Marekani, mahindi yawe angalau asilimia 51, na iwekwe kwa pipa jipya la mwaloni lenye limechomwa ndani, bila kuongezwa rangi wala ladha. Sasa pipa huwezi kulikimbiza. Ukitaka chupa ya miaka 12 leo ilibidi kuna mtu aliipika miaka 12 iliyopita, na kila mwaka kuna kiasi inapotea hewani ikipitia kwa mbao, kitu asilimia 3 hadi 5, wao huita fungu la malaika. Miaka ya 1970 na 1980 Wamarekani wengi walikuwa wameiacha wakahamia vodka, viwanda vikapunguza kupika, halafu baadaye watu wakairudia kwa fujo wakapata mapipa ya zamani ni ya kuhesabu. Hapo ndio Pappy Van Winkle ya miaka 23, yenye kwa miaka mingi bei yake ya kupendekezwa na kiwanda ilikuwa karibu dola 300, ikawa inauzwa maelfu ya dola. Mwaka 2013 ikagunduliwa chupa zaidi ya 200 za Van Winkle zimeibiwa kiwandani kule Frankfort, Kentucky. Hiyo ndio njaa yenye inapandisha bei, na hata huko kwao, majimbo mengi, bei ya kupendekezwa haimfungi mwenye duka, yeye anaweza bandika ile anataka.

Aina ya pili ni ya kwetu, na ni rahisi tu, hakuna mtu ameileta. Kontena imechelewa, ama mwenye kuagiza aliona haiuziki akaacha. Bourbon ya kawaida kama Buffalo Trace kule ni kitu ya dola 25 hadi 30, lakini ikikosekana Kisumu miezi miwili utasikia mtu anaiuza na sauti ya chini kama dhahabu ya Kakamega. Hiyo usilipie, subiri, itarudi.

Na hata kwa ile ya kwanza, saa hii haraka haina faida. Kentucky kuna mapipa zaidi ya milioni 14 yamelala kwa maghala, na Jim Beam, kampuni kubwa ya bourbon, walitangaza Desemba 2025 kwamba kiwanda chao kikuu cha Clermont hakitapika mwaka wa 2026. Mtu akikuambia nunua sasa kesho itapanda, muulize itapandishwa na nini.

Hatua ya 2: tafuta ndugu ya hiyo chupa

Hapa ndio pesa nyingi huokolewa. Chupa nyingi zenye zimeadimika zikona ndugu, yaani ingine ya ladha ya karibu, yenye iko kwa shelfu, na hakuna mtu anaipigia kelele.

Weller inatoka Buffalo Trace, kiwanda kile kile kinapika Van Winkle, na zote mbili zinatumia ngano mahali wengine hutumia nafaka inaitwa rai. Ngano ndio inaleta ule ulaini na utamu kama wa mkate wa moto. Sasa Maker's Mark, ya kiwanda kingine kabisa huko Loretto, nayo ni ya ngano, asilimia 45 ya pombe, sawa na Weller Special Reserve. Si kitu moja, nisikudanganye, lakini kama chenye unatafuta ni ule ulaini basi anza hapo.

Eagle Rare ya miaka 10 na Buffalo Trace zinapikwa kwa mchanganyiko mmoja wa nafaka, tofauti kubwa ni umri na ni mapipa gani yamechaguliwa. Blanton's nayo iko na rai zaidi kidogo, na ni ya pipa moja moja, maana yake chupa ya leo na chupa ya mwaka jana zinaweza kukosa kufanana kabisa, so ile ulionja kwa harusi ya binamu yako na hii uko nayo kwa picha ni mapipa mawili tofauti. Ukitaka kitu ya nguvu na viungo, Wild Turkey 101 iko na asilimia 50.5 na mimi naiweka mbele ya chupa nyingi za bei mara tatu yake, hiyo nitasema mbele ya mtu yeyote.

Usibebwe na umri pia. Pipa jipya lililochomwa linatoa ladha kali ya mbao, na msimu wa joto wa Kentucky unazidi kuisukuma, kuna chupa za miaka 20 na kitu zenye kwa mdomo wangu ni kama kutafuna meza. Kati ya miaka 6 na 12 ndio mimi napata raha.

Hatua ya 3: piga hesabu kwa toti, halafu andika dari yako, ile bei hupiti

Usiangalie bei ya mzinga, gawanya. Toti yangu ni mililita 30, mzinga wa 750 unatoa toti 25. Ile Weller Special Reserve ya elfu 28 ni shilingi 1,120 kwa toti. Maker's Mark mara ya mwisho nilinunua 5,500, hiyo ni 220 kwa toti. Kule Marekani bei ya kupendekezwa ya hiyo Weller ni kitu kama dola 30, tuseme dola ni 130, hiyo ni 3,900. Ukiongeza usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16 na faida ya kila mtu hapo katikati, sawa, inapanda, lakini haifiki 28 kwa njia ya haki.

Sheria yangu: silipi zaidi ya mara mbili ya bei ya ndugu yake. Ikipita mtihani wa hatua ya 4 naenda hadi mara tatu, siendi juu ya hapo. Kwa hii Weller dari ni 11,000, na ikifaulu sana 16,500. Wewe weka yako vile mfuko wako uko, lakini iandike kwa simu kabla uone chupa, manake ukishaishika na ule uzito wake na mwenye kuuza amesimama hapo anakuambia kuna daktari wa Milimani anakuja kuichukua jioni, akili inabadilika. Nimeona watu wazima, watu wa akili, wakipandisha bei yao mara mbili kwa dakika kumi.

Hatua ya 4: onja bila kujua unaonja nini

Hii usiruke, hata kama utaruka zile zingine zote. Jina na bei vinaingia kwa ulimi, si kwako peke yako, ni kila mtu.

Utapata wapi ya kuonja? Tafuta baa yenye inauza hiyo kitu kwa toti, ulipe hata 1,000 kwa toti moja badala ya 28,000 kwa mzinga. Ama mfanye kama chama: Kisumu tulikuwa watu sita, kila mtu anatoa 3,000 kwa mwezi, tunanunua chupa moja ya maana na ndugu yake, tunakaa Jumapili moja tunaonja. Ndani ya mwaka mmoja nilijua ulimi wangu kuliko ile miaka yote nilikuwa nauza tu.

Chukua glasi tatu zenye zinafanana. Mtu mwingine aingie jikoni, amwage mililita 15 kwa kila moja, mbili ziwe za chupa moja na ya tatu iwe ya ile nyingine, aandike chini ya glasi kwa kipande cha tepu, wewe usione. Kazi yako ni kusema gani ni ile tofauti. Halafu sema ni gani unapenda, hayo ni maswali mawili, usiyachanganye. Rudia mara tatu, akibadilisha mpango kila mara. Ukibahatisha tu utapata mara moja kwa tatu, lakini kubahatisha zote tatu ni mara 1 kwa 27, so ukipatia zote basi kweli ulimi wako unaziona tofauti. Ukikosa, tofauti iko kwa lebo, na hiyo elfu 28 ikae kwa mfuko.

Vitu viwili vinaharibu huu mtihani. Moja ni nguvu ya pombe, yenye iko na asilimia kubwa huonekana tamu zaidi kwa mara ya kwanza, kwa hivyo kama moja ni 50 na ingine 45 weka tone za maji kwa ile kali hadi zikaribiane. Ya pili ni chakula, usije umetoka Dunga na pilipili ya samaki bado iko kwa midomo, kula kipande cha chapati na maji, ungoje nusu saa.

Na nisiseme kila mara ya bei rahisi hushinda, juu si kweli. Kuna mteja wangu alipatia Blanton's mara tatu kwa tatu na kila mara ndio alipenda. Yeye nilimwambia inunue, ukiipata chini ya dari yako. Alingoja miezi minne akaipata.

Hatua ya 5: hakikisha ndani ni chenye kimeandikwa nje

Hapa naandika kwa uchungu. Kuna mwaka nililipa 22,000 kwa chupa ya Eagle Rare, aliyeniuzia ni mtu nilikuwa nafanya naye biashara miaka na nikaona aibu kuskani stempu ya ushuru mbele yake. Nilifika nyumbani, nikafungua, ikanukia vanila ya dukani na spiriti. Ile stempu nilipoiskani ikaonyesha kinywaji kingine kabisa. Pesa haikurudi, na ilikuwa ya kujaza stoki ya Krismasi, hiyo Desemba nyumbani tulikaa vibaya.

Sasa nafanya hivi. Naskani stempu ya KRA na programu ya Soma Label hapo hapo kabla ya pesa kutoka, jina kwa simu lazima lifanane na jina kwa chupa. Kama hakuna stempu, mwenye duka hana ruhusa ya kuiuza, basi hapo tumemaliza. Naangalia kifuniko na plastiki yake kama imewahi kuinuliwa, naangalia kimo cha pombe shingoni. Kile kifarasi juu ya kifuniko cha Blanton's kisikudanganye, chupa tupu zake huuzwa mtandaoni pamoja na kifuniko na mtu anajaza anachotaka.

Kama ukona mtu wako anatoka Marekani, forodha ya Afrika Mashariki inamruhusu msafiri mwenye 18 kwenda juu kuingia na lita 1 ya spiriti bila ushuru. Mzinga mmoja wa 750 unaingia hapo vizuri, na hiyo ndio njia rahisi kuliko zote ya kupata chupa adimu kwa bei ya binadamu, mradi ni ya kunywa na si ya kuuza.

Hatua ya 6: ni ya nani?

Kama ni zawadi, fikiria mwenye kupokea. Kijana mmoja alitaka kununulia babake Weller, mzee anastaafu ualimu huko Vihiga. Nilimuuliza mzee hunywa nini, akasema akipata Johnnie Walker anaimba. Tukamchukulia Johnnie Walker nzuri na pesa ikabaki ya kukodisha viti na hema. Mzee hangejua Weller ni nini, na kijana angeumia kuona mgeni akiichanganya na soda.

Kama ni ya kuweka uuze baadaye, mimi singefanya. Bourbon haizeeki ndani ya chupa, na kwetu kuiuza bila leseni ni kesi.

Kama ni yako ya kunywa na imepita hatua zote, nunua na roho safi, ufungue. Isimamishe wima, usiilaze kama waini, juu hiyo pombe inakula koki. Huku Nakuru na baridi yetu kabati yoyote inatosha, lakini Kisumu usiiweke karibu na dirisha, lile jua la mchana litaiharibu. Na ikibaki robo hewa inaanza kuipunguza nguvu, so ihamishie kwa chupa ndogo yenye inajaa, ama upigie wale watano wa chama simu wakuje na glasi zao.