Kubadilisha chakula cha farasi bila kuvuruga vijidudu vya utumbo wake

Mfuko wa chakula ulio tumboni mwa farasi ni mdogo, lita 8 hadi 15 tu. Majani huvunjwavunjwa nyuma, kwenye utumbo mpana, ambako bakteria, protozoa na kuvu huchachua nyuzinyuzi na kutoa asidi za mafuta. Farasi wa malisho hupata zaidi ya nusu ya nguvu zake humo. Ukibadilisha chakula ghafla, vijidudu hivyo hufa kabla wengine hawajazaliana vya kutosha.

Hatua ya 1: jua uzito. Pima kwa sentimita mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, kisha kwa urefu, ugawanye kwa 11,877. Mzunguko wa 180 na urefu wa 165 ni kama kilo 450.

Hatua ya 2: panga majani kwanza. Farasi huyo anahitaji karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na asishuke chini ya 7.5. Tumia mizani; kukadiria kwa macho hudanganya sana. Zigawe ili asikae muda mrefu bila kutafuna.

Hatua ya 3: changanya taratibu. Siku ya 1 hadi ya 3, robo iwe chakula kipya. Ya 4 hadi ya 7, nusu. Ya 8 hadi ya 11, robo tatu. Kuanzia ya 12, kipya kitupu. Fanya hivyo hata kwa nyasi kavu za shamba jingine. Wengi huwa waangalifu na nafaka tu, ilhali nyasi mpya nazo huleta msokoto wa tumbo.

Hatua ya 4: weka kikomo cha wanga. Usizidishe gramu 1 ya wanga kwa kila kilo ya uzito katika mlo mmoja. Kwa kilo 450, hiyo ni gramu 450 za wanga, zinazopatikana katika kama gramu 800 za shayiri. Mahindi yawe pungufu zaidi: yana wanga mwingi, na yasipopikwa, utumbo mwembamba huyasaga kwa shida. Wanga unaoponyoka hadi utumbo mpana huchachuka haraka na kutoa asidi ya laktiki. Bakteria wa nyuzinyuzi hufa, ukuta wa utumbo huvuja, sumu huingia kwenye damu, na kwato huweza kuvimba kwa ndani hadi farasi ashindwe kusimama. Akihitaji nguvu zaidi kwa kazi, ongeza idadi ya milo, si ukubwa wa mlo. Mafuta ya mimea pia husaidia, mradi nayo yaanzishwe kidogo kidogo.

Hatua ya 5: kagua kinyesi kila siku. Madonge yanayoshikana na kupasuka yakianguka ni sawa. Kikiwa kama uji au chenye harufu kali ya uchachu, rudi kwenye kiwango cha awali kwa siku tatu hivi. Maji safi yawepo saa zote, kwani nyuzinyuzi huhifadhi maji utumboni, akiba ambayo farasi wa mbio ndefu huitegemea.

Farasi aliyepewa antibiotiki asibadilishiwe chakula kabisa kipindi hicho, maana dawa yenyewe imeshapunguza bakteria wazuri. Akianza kuchimba ardhi kwa kwato, kujitazama ubavuni, kugaagaa au kuacha kunya, ondoa chakula chote na umwite daktari wa mifugo mara moja.