Sampuli za kuombea mafunzo ya mawasiliano UNICEF

Unaomba mafunzo kwa vitendo kitengo cha mawasiliano UNICEF? Uwe umetimiza miaka 18, mwanafunzi au mhitimu wa karibuni. Ada hakuna, anayekudai hela ni tapeli. Nguvu zako weka kwenye sampuli za kazi, yaani picha na maandishi yako unayoambatanisha. Picha ya mtoto uliyopiga bila ridhaa yake na ya mzazi, iondoe, hata iwe nzuri vipi. Maelezo ya picha yakitaja jina kamili, shule na kijiji, mtu anamfikia mtoto huyo kwa bodaboda tu. "Asha, 9, Kigoma" yatosha. Aliyedhulumiwa kingono: badili jina, ficha sura. Na zima lokesheni ya kamera kabla ya kupiga, maana faili la picha hubeba mahali ilipopigwa.