DSLR ya zamani au kamera ndogo ya mfukoni: namna ya kuzipima mwenyewe kabla hujatoa hela

Swali hili naulizwa sana, mtu ana hela yake ya mawazo, kaona DSLR (ile kamera kubwa ya kubadilisha lenzi) ya mtumba ya miaka ile ya 2008 hivi inauzwa bei ambayo anaiweza, pembeni yake kuna kamera ndogo ya mfukoni nzuri tu, muuzaji anamwambia chukua hii kubwa hii ndo ya kazi, rafiki yake anamwambia achana na mzigo chukua ndogo, sasa anataka mimi nimalize ubishi. Siwezi kuumaliza kwa maneno ila naweza kukuonyesha unavyozipima mwenyewe. Nina zote mbili, Nikon D90 iliyotoka 2008 na Sony RX100 ile ya kwanza kabisa ya 2012, nimezitumia miaka hapa Dar kwenye joto na vumbi na sendoff za watu, kwa hiyo nitatumia hizo kama mfano na wewe utabadilisha majina kulingana na ulichokiona dukani.

Kwanza kabisa sahau megapikseli. D90 ina 12, RX100 ina 20, watu wanaishia hapo wanasema ndogo imeshinda. Picha ya D90 ina pikseli 4288 kwa 2848, na ukurasa wa A4 ukiuprinti vizuri kabisa kwa pikseli 300 kila inchi unataka 3508 kwa 2480, yani D90 inatosha na chenji inabaki. Kama huprinti mabango makubwa na hukropu sana (kukata kipande cha picha ukikuze) hiyo namba isikusumbue.

Cha kuangalia ni sensa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na hapa niwe muwazi kwamba neno "kamera ndogo" linachanganya watu kwa sababu ndogo ziko za aina mbili tofauti kabisa. Sensa ya D90 ni milimita 23.6 kwa 15.8. Ya RX100 ni 13.2 kwa 8.8. Ila zile ndogo za bei rahisi zenye zumu ndefu, nyingi sensa yake ni kama milimita 6.17 kwa 4.55, ndogo kuliko ukucha wa kidole kidogo. Ukipiga hesabu ya eneo, D90 ni zaidi ya mara 3 ya RX100, na ni kama mara 13 ya hizo za bei rahisi. Kwa hiyo kama unalinganisha DSLR na hiyo ya sensa ya ukucha kwa ajili ya picha za ndani usiku, wala usipoteze muda, chukua DSLR. Ubishi wa kweli uko kwenye ndogo za daraja la RX100.

Sasa hapa ndo penye utamu na ndo wengi wanapokosea: wanalinganisha bodi na bodi, yani kamera bila lenzi, wakati mwanga unaingilia kwenye lenzi. Angalia namba ya f iliyoandikwa mbele ya lenzi, ikiwa ndogo maana yake lenzi inafunguka zaidi. Chukua hiyo f uizidishe kwa namba ya sensa, D90 na DSLR nyingi za Nikon za aina yake zidisha kwa 1.5, zile za Canon zenye sensa kama hiyo kwa 1.6, RX100 kwa 2.7, hizo za ukucha kwa 5.6 hivi. Jibu dogo ndo zuri, ndo linalokwambia uwezo wa usiku na uwezo wa kufifisha nyuma ya mtu.

Tufanye. D90 na lenzi yake ya kawaida inayokuja nayo kwenye boksi, inaanzia f/3.5 ukiwa hujavuta, mara 1.5 unapata 5.25. RX100 inaanzia f/1.8, mara 2.7 unapata kama 4.9. Umeona? Ziko sawasawa, na ndogo imeongoza kidogo, kwa sababu pale D90 inapohitaji ISO 3200 (ISO ni kiwango cha kamera kukuza mwanga, ikipanda picha inaota chenga) ili picha isiwe giza, RX100 inaridhika na 800 na kidogo juu, na sensa yake ni mpya kwa miaka 4. Watu hawaamini hii mpaka waone, mimi mwenyewe sikuamini, nilikaa sebuleni nikapiga watoto wanaangalia tv taa moja tu inawaka, nikazilinganisha mara tatu.

Sasa toa ile lenzi ya kawaida weka lenzi ya 50mm f/1.8, isiyovuta. Mara 1.5 unapata 2.7. RX100 ukiivuta ifike umbali wa sura kama huo imeshajibana inaelekea f/4.9, na ukiivuta mwisho kabisa hesabu inakuwa 13. Hapo D90 inaondoka na mchezo, sura ya mtu inang'aa, nyuma pamefifia, chenga hakuna. Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya yote: hii DSLR nitainunulia lenzi ya pili au nitabaki na iliyokuja nayo mpaka mwisho? Jijibu ukweli wa mfuko wako. Kama utabaki na lenzi ya kwenye boksi na picha zako nyingi ni za ndani kikundi cha watu wamekaa, kamera ndogo nzuri itakufaa zaidi, na nasema hivi nikiwa naipenda D90 yangu sana.

Tahadhari moja kwenye hizo 50mm, kwa Nikon kuna ile ya zamani ya rahisi yenye herufi D. Hiyo inategemea mota iliyoko ndani ya kamera. D90, D80, D7000 zina mota, inafokasi vizuri. D3100, D5100 na ndugu zao hazina, utazungusha fokasi kwa mkono kwenye harusi ya watu mpaka ulie, wewe tafuta yenye AF-S, yani mota iko ndani ya lenzi yenyewe. Kwa Canon huna shida hiyo, lenzi za EF za 50mm zina mota yake ndani.

Haya, dukani. Nenda na memori kadi yako, na iwe ya 32GB au chini kwa sababu D90 na nyingi za umri huo zinazotumia kadi za SD hazikutengenezwa kwa zile kubwa za 64. Chaji ziwe zimejaa, mwambie muuzaji mapema. Weka kamera zote RAW (faili ghafi ambalo kamera haijalipamba) na JPEG kwa pamoja, simama sehemu moja usisogee, vuta zote zione sawa: D90 ukiweka 35 kwenye lenzi ni sawa na 50 kwenye RX100, maana ile ringi ya mbele ya RX100 ukiiweka kwenye zumu inakuandikia 28, 35, 50, 70, 100 kwa hesabu ya filamu ya zamani. Mpige mtu amesimama ndani ya duka mbali na mlango, sio kitu cha mezani, mtu, kwa sababu ngozi ndo inayoonyesha uongo wa kamera haraka kuliko chochote, na ngozi zetu nyeusi kwenye mwanga mdogo ndo kipimo kikali, kamera dhaifu inageuza kivuli cha shavu kuwa matope. Piga ISO 200, 800, 1600, 3200, kamera moja halafu nyingine hapohapo, usimruhusu mtu aondoke katikati. Halafu toka nje piga sehemu yenye jua kali na kivuli kwa pamoja, pale saa sita mchana, uangalie mawingu na shati jeupe kama vimeungua.

Ukiwa hapohapo nje kwenye jua jaribu kuona unachopiga. RX100 ya kwanza haina kijidirisha cha kuchungulia, ina skrini tu, na jua la saa sita skrini inakuwa kama kioo cha kujitazamia, unapiga kwa kubahatisha. D90 unaweka jicho na unaona kila kitu. Hili hakuna mtu aliniambia kabla sijanunua na kwa nchi yenye jua kama letu ni kubwa kuliko megapikseli zote.

Kipimo kingine, zima kamera, tegesha stopwochi ya simu, washa na upige picha moja. DSLR ukiwasha imeshawaka, ndogo inasubiri lenzi itoke. Sekunde hizo mtoto ameshamaliza kuzima mishumaa. Halafu mwombe mtu atembee haraka kuja kwako upige mfululizo, hesabu ngapi ziko kwenye fokasi, sio ngapi umepiga. Video ni kinyume, D90 ndo DSLR ya kwanza kabisa kurekodi video lakini ni 720p tu na ukiwa unarekodi haifokasi yenyewe, RX100 inakupa 1080p na inafokasi, kwa video wala usifikirie mara mbili.

Kingine, RX100 inachajiwa na waya ule wa simu za zamani, hata kwenye pawabanki ilimradi umeizima, umeme ukikatika siku mbili bado unapiga. D90 inataka chaja yake, ila betri yake ikiwa nzima ni picha mia nane na zaidi, RX100 ni kama 330.

Ukirudi nyumbani usizifungue kwenye simu. Kompyuta. Na usizivute zote mpaka mwisho uzilinganishe, ya megapikseli 20 itaonekana ina chenga zaidi kwa sababu tu umeivuta zaidi, ipunguze kwanza iwe 4288 upande mrefu kama mwenzake ndo ulinganishe. Au fanya ninavyofanya mimi, printi zote mbili saizi moja pale studio ya mtaani, zichanganye, mpe mtu asiyejua kamera achague anayoipenda. Mama yangu ndo jaji wangu, anaangalia sura ya mtu tu hana habari na ISO, na mara nyingi yuko sahihi.

Sasa ukaguzi wa mtumba, hapa usione aibu kuchukua muda. Kwa DSLR vua lenzi, mulika na tochi ya simu upande mmoja angalia upande wa pili, ukiona kama utando wa buibui au vijimizizi hiyo ni fangasi, na huku pwani na unyevu wetu ipo sana, usiinunue hata wakikwambia inasafishwa. Niliwahi kununua lenzi usiku kwa haraka sikumulika, ndani ya miezi michache picha zote zikawa kama zimepigwa kwenye moshi, hela ikaenda. Piga ukuta mweupe au anga kwa f/16, madoa meusi utayaona, vumbi la kwenye sensa ya DSLR linapulizwa linatoka. Ila kwa kamera ndogo vumbi likishanyonywa na lenzi inayotoka na kuingia, huwezi kulifikia mwenyewe, inabidi fundi aifungue yote, kwa hiyo kipimo hiki cha ukuta kwa ndogo ni cha lazima. Isikilize pia lenzi yake ikitoka, ikikwaruza au kusita, iache.

Idadi ya picha iliyopiga: Nikon inaiandika ndani ya faili la picha yenyewe, programu ya bure ya ExifTool inakusomea. Shata ya D90 (pazia linalofunguka na kufunga kila ukipiga) ilipimwa na kampuni kwa picha 100,000, ukikuta 30,000 bado mbichi, ukikuta 140,000 bei ishuke sana. Canon nyingi haziandiki kwenye picha, inabidi uichomeke kwenye kompyuta yenye programu ya kusoma idadi hiyo. Na kwenye menyu ya D90 kuna sehemu ya taarifa za betri inakwambia uzee wake kuanzia 0 mpaka 4, 4 ni betri ya kutupa, wauzaji wengi hawajui hata kama ipo.

Kuna jambo la watu pia. Pale soko la samaki Feri nikitoa D90 kila mtu ananigeukia, wengine wananiuliza picha unapeleka wapi, wana haki ya kuuliza na lazima uombe. Nikiwa na ndogo naomba vilevile, lakini mtu hakazi uso, anaendelea na samaki wake. Kwenye sendoff ni kinyume, ukija na kamera ya mfukoni kamati inakuangalia mara mbili kabla haijakulipa, na RX100 ya kwanza haina hata sehemu ya kuchomeka flashi ya juu ya kupigia kwenye dari. Kwa kazi ya kulipwa ukumbini, DSLR na 50mm na flashi, basi.

Juzi mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anaoka keki anauza, alikuja na swali hilihili. Kwa hesabu yangu ya f nilikuwa nishamwambia chukua ndogo dada, huna mpango wa lenzi ya pili. Akasema ngoja kwanza tuijaribu na keki. Tukaiweka mezani dirishani. RX100 ukiwa hujavuta inasogea mpaka sentimita 5 lakini keki inavimba mbele kama puto, ukiivuta mwisho ili keki ikae na umbo lake inataka urudi nyuma zaidi ya nusu mita, yale maua madogo ya krimu hayajai kwenye picha. D90 na lenzi ya kwenye boksi, ile 18-55 ya kawaida kabisa, ikavutwa mwisho ikasogea karibu sentimita 28, ISO 200, kamera kwenye stendi, mwanga wa dirisha unatosha na keki haikimbii. Akaondoka na D90 ya jirani yangu aliyekuwa anaiuza, betri ilisoma 3, kwa hiyo sasa hivi tunamtafutia betri ya pili.