Namna ya Kulinda Mapafu Unapoishi na VVU
Njia za hewa zimetandikwa seli zenye vinyweleo vidogo mno, ambavyo husukuma makohozi kuelekea kooni pamoja na vumbi na vijidudu vilivyonaswa humo. VVU hudhoofisha kazi hiyo, na tena hujificha ndani ya seli za ulinzi za mapafu hata kwa mtu anayemeza dawa vizuri. Kwa hiyo meza ARV kila siku bila kuruka, kisha acha sigara kabisa, kwa kuwa moshi huumiza vinyweleo hivyo hivyo. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha nao ni moshi.

Kila uendapo kliniki, mweleze mhudumu iwapo una kikohozi, homa, jasho la usiku au umepungua uzito, hata dalili ikiwa moja tu, maana kifua kikuu ndicho kinachoongoza kwa kuua wanaoishi na VVU. Ikithibitika kwamba huna ugonjwa huo, uliza kuhusu dawa ya kinga, kama isoniazidi, ambayo kwa kawaida humezwa kila siku kwa miezi 6. Ukibanwa na pumzi, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyo hiyo.